Kiti Kinasikika, Baba Hasikiki

Machi 3, Jumatatu

Mwenzangu anasema mimi husahau kazi ilivyokwenda, halafu nagombana na watu bure. Sisahau. Yeye ndiye anayekumbuka vibaya. Basi nimenunua daftari, tutaona nani mkweli.

Mwenzangu ni mume wangu, na kazini ni mpiga picha wangu. Mimi ni mtu wa sauti. Tunarekodi video za harusi, semina, mahafali, chochote kinacholipiwa. Kazi tuliyoanza leo hailipiwi, na ndiyo inayoninyima raha kuliko zote. Baba mkwe ana uvimbe kooni. Daktari amesema mwishoni mwa Aprili, mvua zikikaribia kwisha, atamfanyia upasuaji na kuondoa zoloto, pale sauti inapotengenezewa. Atapona, tumeambiwa. Hatasema tena.

Mtu mwingine angeshika kalamu akaandika anachotaka. Baba naye ataandika, lakini Mama haoni. Macho yake yalizimika miaka tisa iliyopita, na tangu hapo kila alasiri Baba humsomea: gazeti, barua, kitabu kinene cha safari za baharini, hata karatasi za ndani ya pakiti za dawa. Alikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni miaka thelathini, kwa hiyo hata maelezo ya dawa ya kikohozi huyasoma kana kwamba kuna abiria watachelewa.

Tumekubaliana hivi: atasoma mbele ya kamera kila siku anapoweza. Picha ni za mawifi zangu walio mbali. Sauti ni ya Mama, ataisikiliza kwenye redio yake ndogo ya kijani, ile inayomeza memori kadi.

Kwa kawaida humbania mtu maiki ndogo kifuani, chini ya kola. Leo nilisimama mbele ya Baba nimeshika kidude kile, tukatazamana, kisha sote wawili tukaangalia dari. Mkwe ni mkwe.

"Baba, tutaweka mezani," nikasema.

"Afadhali," akajibu.

Nimeweka mbili, kila moja upande wake wa kitabu. Nimepima kwa uzi, Baba akiwa ameshika ncha moja mdomoni mwake: mdomo hadi maiki ya kushoto, mdomo hadi ya kulia, sawasawa kabisa. Mwenzangu alicheka. Acha acheke, yeye picha yake ikitetemeka husema ni usanii. Waya wa kushoto ulikuwa umelegea kwenye plagi, nikauchomelea upya mwenyewe jana. Kazi safi, risasi niliyochomelea inang'aa.

Jambo moja tu. Kwenye hedifoni sauti ya Baba ilikuwa kubwa na nzito kama ilivyo, lakini haikukaa mbele yangu. Ilikuwa kana kwamba anasomea nyuma ya kichwa changu. Nadhani mafua yananinyemelea.

Machi 4

Mvua. Kurasa kumi na mbili. Kiti cha Baba kinalia mguu mmoja, amekataa kukibadilisha.

Machi 5

Umeme ulikatika, tukaendelea kwa betri.

Machi 7, Ijumaa

Mama aliomba hedifoni "aone tunachofanya". Nikamvika. Alisikiliza dakika moja, uso umekunjamana, akazivua.

"Mbona mmemweka nyuma yangu?" akauliza. "Mimi nimekaa hapa, yeye yuko pale mbele. Humu ndani yuko kisogoni."

Nikamwambia ndivyo hedifoni zilivyo. Mama mkwe wangu ana kipaji cha kutafuta kasoro. Mwaka jana alisema feni yangu mpya inachechemea, nikajifanya sikusikia.

Mafua hayajaja bado.

Machi 10

Kurasa tisa. Baba alikohoa sana, tukasimamisha mara tatu. Alipomaliza akaniambia, "Ondoa nyaya zako, watu wapite." Hilo ndilo neno pekee aliloniambia leo.

Machi 13, Alhamisi

Siielewi siku ya leo. Nitaiandika ilivyokuwa, pengine nikiisoma kesho itaeleweka yenyewe.

Tuna saa sita na ushee za rekodi. Mama akaomba asikie. Baba alikuwa anaoga. Nikaweka kila kitu kwenye kadi, nikaichomeka kwenye redio ya kijani, nikampakatisha Mama redio yake.

Redio ikaanza. Mvua. Kiti. Ukurasa. Mvua tena. Kikombe kikatua kwenye kisahani.

"Hajaanza?" Mama akauliza.

"Ameanza, Mama. Anasoma."

"Anasoma nini?"

Nikasogeza sikio. Nikaongeza sauti, na mvua ikaongezeka. Chini kabisa palikuwa na vijisauti vya s na sh, kama mtu anayenong'ona chumba cha tatu. Sauti ya mkwe wangu, ambayo ilikuwa inasikika majukwaa manne bila spika, haikuwepo.

"Nasikia kiti chake," Mama akasema. "Ule mguu unaolia. Nasikia anafunua kurasa. Yeye mwenyewe mmemweka wapi?"

Mwenzangu alikuwa anafuta lenzi, akaacha kufuta. Nikachomoa kadi nikairudisha kwenye kamera, nikavaa hedifoni. Baba yumo, mzima mzima, anasoma juu ya dhoruba. Nikairudisha redioni. Hayumo. Nimefanya hivyo mara nne. Mara ya nne Mama akasema, "Basi, mwanangu. Usimtoe na kumrudisha hivyo." Nikaenda jikoni nikaosha vikombe vilivyokuwa safi.

Niliogopa. Naandika hapa kwa sababu sikumwambia mtu.

Machi 14, Ijumaa

Nimeanza na redio, mtuhumiwa wa kwanza. Nimeazima ya jirani. Hayumo. Nikajaribu spika ya simu yangu. Hayumo. Nikachomeka vipokea sauti vya masikioni kwenye simu hiyo hiyo: yumo. Nikasikiliza kwa sikio la kushoto peke yake: yumo. La kulia peke yake: yumo. Yote mawili: yumo, lakini kisogoni.

Masikio yangu mawili yanasema yupo. Kila chenye spika moja kinasema hayupo. Kuna mwongo mahali.

Machi 15

Mwenzangu akaja na wazo. "Si Mama awe anasikilizia hedifoni tu? Tatizo limekwisha."

Tukampelekea Mama. Alikataa bila kupandisha sauti.

"Mimi natembea nyumba hii kwa masikio," akasema. "Nikijua sufuria inachemka ni kwa masikio. Mtu akiingia ni kwa masikio. Mkiniziba hayo nimebaki na nini?" Kisha akaongeza, "Na huyo wa humo ndani ananitia kizunguzungu. Hana mahali alipokaa."

Mwenzangu amenuna. Mimi nilinuna kwanza, halafu nikawaza kwamba Mama amesema jambo ambalo nami nililisikia siku ya kwanza nikalisingizia mafua.

Machi 16

Jumapili. Kupumzika. Sikupumzika.

Machi 18, Jumanne

Nimegombana na mwenzangu. Nilimkumbusha kwamba wiki iliyopita aliukanyaga waya wa kulia akisogeza kamera. Akasema hakuukanyaga, aliuruka. Nikasema mtu mwenye miguu ile haruki kitu. Hilo sikupaswa kulisema.

Nimeutoa waya wa kulia, nimeweka mwingine wa kuazima. Tukarekodi ukurasa mmoja wa majaribio. Redioni hayumo.

"Umeona?" mwenzangu akasema. "Nilikwambia niliuruka."

Machi 19

Nimebadilisha maiki, ya kushoto kulia na ya kulia kushoto. Hayumo. Nimezibadilisha nyaya mahali. Hayumo. Tumeazima kamera nyingine kwa rafiki yetu anayerekodi harusi. Hayumo. Nimetoa mashine moja baada ya nyingine na kosa halikutoka na hata moja. Sasa nabaki kujishuku akili.

Mwenzangu analala akitazama ukutani.

Machi 21, Ijumaa

Kitu cha ajabu. Nilikuwa nasikiliza rekodi ya jana kwenye simu, mvua na kiti, mvua na kiti, na ghafla Baba akasema, "Chai imepoa." Wazi kabisa. Kisha akapotea tena.

Nikatazama picha. Alikuwa ameinama kando kuchukua kikombe. Alipoinama, akasikika. Alipokaa sawa kusoma, akatoweka.

Nimeangalia mara nyingi hata macho yanauma. Chai inahusikaje na jambo hili? Nilimwonyesha mwenzangu, naye akasahau kwamba amenuna. Tukakaa bega kwa bega tukimwangalia baba yake anainama na kuinuka, anainama na kuinuka.

"Labda anapumua vingine," akasema.

"Labda," nikasema. Hakuna kati yetu aliyeamini.

Machi 22

Nimeamua kwamba tatizo ni uzembe. Nimepima upya kwa rula ya chuma, mpaka milimita. Nimemwomba Baba asitikisike. Amesoma kurasa saba bila kutikisika, kama mtu anayepigwa picha ya pasi ya kusafiria.

Redioni leo hata zile s na sh hazimo. Nimepima vizuri zaidi na amepotea zaidi.

Machi 24, Jumatatu

Leo tulichelewa, mvua ilifunga barabara. Nikaweka maiki zilipoangukia, sikupima chochote, nilikuwa nimechoka na nimelowa. Redioni Baba anasikika nusu. Sauti ni nyembamba, kama anasomea ndani ya kopo, lakini anasikika.

Nikifanya kazi kwa bidii anapotea. Nikizembea anarudi nusu. Miaka kumi na miwili niko kwenye kazi hii, na leo sijui ninachokijua.

Nilimpelekea Mama ile nusu. Alisikiliza hadi mwisho kwa heshima.

"Huyo ni mtu mwingine," akasema. "Asante lakini."

Machi 25

Sauti ya Baba imeanza kukwaruza. Kurasa nne tu.

Machi 27, Alhamisi

Walikwenda kliniki asubuhi, Baba na mwenzangu. Saa sita mwenzangu akanipigia simu nikasikia anavyopumua kabla hajasema kitu. Uvimbe umeongezeka. Daktari hasubiri tena mwisho wa Aprili. Ni Jumatano ijayo.

Nilikuwa nimekaa chini sakafuni katikati ya nyaya. Nimepiga hesabu: saa kumi na moja na dakika ishirini za baba mkwe wangu, na hakuna hata dakika moja Mama anayoweza kuisikia. Za mwanzo ndizo nzuri, sauti ikiwa bado yake. Hizo haziwezi kurudiwa. Hata nikiijua hitilafu leo, aliyebaki kurekodiwa si yule wa tarehe tatu.

Jioni nilimkuta Mama amekaa barazani na redio ya kijani mapajani, imewashwa, sauti ndogo. Mvua ya redioni na mvua ya nje zilikuwa zinanyesha pamoja. Nikadhani anasikiliza taarifa.

"Nasikiliza kiti," akasema. "Si haba. Najua akikaa vile amefikia mahali patamu."

Nimekuwa nikimwita mtu wa kasoro. Nimelia, na si kidogo.

Machi 30, Jumapili

Baba anasema kwa kunong'ona. Tumerekodi ukurasa mmoja. Ukurasa wenyewe haukuisha.

Aprili 1, Jumanne

Nilikwenda asubuhi na begi langu la maiki. Baba alikuwa mlangoni, amevaa shati la kutokea ingawa hakuna anakokwenda hadi kesho. Akanyoosha kiganja kunizuia.

"Leo sitaki mashine," akanong'ona.

"Baba, ni siku ya mwisho."

"Ndiyo maana."

Aliingia chumbani kwa Mama akafunga mlango. Tulikaa sebuleni mimi na mwenzangu siku nzima, kamera imefungwa kwenye begi lake. Kutoka kule ndani hatukusikia maneno, tulisikia tu kwamba mtu anasema, na Mama mara moja moja anacheka. Mwenzangu akaniuliza kama ningeweza kuweka maiki chini ya mlango. Nikamwambia hapana. Akasema naye hakutaka, aliuliza tu.

Aprili 2

Wamemchukua saa moja asubuhi. Saa nane tumeambiwa upasuaji umekwisha salama.

Aprili 3

Anapumua kwa tundu shingoni. Ametukonyeza.

Aprili 5, Jumamosi

Leo nataka kuandika polepole.

Kuna fundi wa redio nyuma ya soko, jina lake la mtaani ni Sumaku, kwa sababu skrubu yoyote iliyopotea mtaani hukutwa kwake. Sikuwahi kumpelekea kazi. Naweza kusema ni kwa sababu yeye ni wa redio na pasi na mimi ni wa vyombo vya kisasa, na nikisema hivyo nitakuwa nimesema ukweli wa kuniaibisha. Leo nilimpelekea kila kitu. Jino lilikuwa linamuuma, amefunga shavu kwa kitambaa, hakuwa na hamu ya maneno.

Nikamweleza. Akasikiliza kwenye hedifoni, akasikiliza kwenye spika yake moja ya mezani, akarudia.

"Umebadilisha nini?" akauliza.

Nikamtajia: kadi, redio, simu, kamera, maiki zote mbili, waya wa kulia.

"Wa kushoto?"

"Wa kushoto ni mzima. Niliutengeneza kwa mkono wangu."

Sumaku akanitazama juu ya kile kitambaa. Akanyoosha kiganja nikampa waya.

Alifungua plagi kwa bisibisi ndogo. Ndani mna nyaya tatu: mmoja usio na rangi, mmoja mwekundu, mmoja wa bluu. Akafungua na plagi ya upande wa pili, akaziweka sambamba mezani. Upande mmoja nyekundu iko kulia. Upande niliouchomelea mimi, ule unaong'aa, nyekundu iko kushoto.

"Umepishanisha," akasema.

Nikamwambia hata kama nimepishanisha, sauti si inapita? Nimeisikia mwenyewe.

"Inapita. Lakini inapita kinyume." Akashika mlango wa kibanda chake. "Njoo. Wewe sukuma toka nje, mimi nasukuma toka ndani. Nguvu sawa."

Tukasukuma. Mlango ukakaa palepale. Sote tulikuwa tunatumia nguvu, na mlango ulikuwa kana kwamba hakuna mtu.

"Sikio la kushoto lina mtu wake, la kulia lina mtu wake," akasema. "Huko hawakutani. Spika moja inawakutanisha. Wanamalizana."

Kila kitu kikapangika kichwani kwa mpigo mmoja. Maiki zimekaa sawasawa kutoka mdomoni, kwa hiyo sauti yake imefika kote kwa nguvu sawa na kwa wakati mmoja, na imemalizana yenyewe. Mvua ilitoka dirishani, upande mmoja, haikufika sawa. Kiti kililia mguu mmoja. Kikombe kilikuwa kulia. Baba akiinamia chai anatoka katikati, anasikika. Rula yangu ya chuma ndiyo iliyommaliza kabisa. Na nilibadilisha kila kitu cha kila mtu isipokuwa kile nilichokitengeneza mimi.

"Kwa hiyo saa zangu kumi na moja zimekufa?" nikauliza.

"Zife vipi? Zipo zote." Akashika shavu. "Una kompyuta? Chukua upande mmoja, ugeuze. Wasukume njia moja."

Nilikuwa nayo begini. Ni kitufe kimoja. Nimekitumia mara nyingi kwa mambo mengine. Nikageuza upande wa kushoto wa rekodi ya Machi 3, nikaitoa kwenye ile spika moja ya kibandani.

Baba akaanza kusoma. Alijaa kibanda chote. Mwanamke aliyeleta pasi yake akasimama mlangoni.

"Huyu si yule wa stesheni?" akauliza. "Huyu amenipandisha treni miaka mingi."

Sumaku akakataa malipo, akasema nimtafutie dawa ya jino. Nilimtafutia.

Aprili 6, Jumapili

Nilimwambia mwenzangu asubuhi kabla ya chai. Nilimwambia waya ulikuwa wangu, kosa ni langu, yeye aliuruka kweli, na miguu yake haina tatizo. Alisikiliza yote.

"Hilo la miguu liandike kwenye daftari," akasema. Nimeliandika.

Kisha tukaenda kwa Mama. Nikachomeka kadi. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza mambo ya nyekundu na bluu, lakini Baba akaanza kusoma, na Mama akanyanyua mkono nisiseme. Alikaa wima. Baada ya ukurasa mmoja akaizima.

"Sasa yuko mbele," akasema. "Nipelekeni hospitali nikamwone."

Nikamwomba radhi kwa yale ya hedifoni. Akasema hata feni bado inachechemea.

Aprili 14, Jumatatu

Baba amerudi nyumbani. Mvua zimepungua. Sisi anatuandikia kwenye kibao cheupe. Kwa Mama hugonga meza: moja ndiyo, mbili hapana. Mama anauliza, yeye anagonga, na wakati mwingine Mama haulizi swali analolitaka Baba na Baba anagonga gonga kama fundi seremala hadi anakasirika na kutoka nje. Alasiri Mama huwasha redio, nao wawili hukaa kumsikiliza Baba akisoma. Sijui anajisikiaje. Sina ujasiri wa kuuliza.

Aprili 16

Baba ameniita kando. Ameandika kibaoni, akiziba kwa mkono ingawa Mama haoni: *Nitafutie mahali nilipomwambia asante. Nataka nimpigie hapo redioni.*

Nikamwambia kesho itakuwa tayari. Niliona ni kazi ya dakika tano.

Aprili 18, Ijumaa

Haipo. Nimesikiliza saa zote kumi na moja na ushee, pamoja na sehemu alizokuwa akigomba katikati ya kusoma. Mama amemletea chai mara thelathini na nne mbele ya kamera. Ipo "weka hapo". Ipo "sukari iko wapi". Ipo "imepoa". Nikatafuta hata kwenye kanda zetu za zamani, harusi yetu sisi wenyewe, Baba akitoa nasaha. Aliwashukuru wapishi kwa kusema "chakula kilitosha".

Nimemwambia. Sikujua niseme vipi, kwa hiyo nimesema hivyo hivyo, "Baba, haipo." Alivuta kibao. Kisha akaandika, *Angalia tena.* Akafuta. Akaandika, *Hapana. Najua.*

Aprili 19

Nimefanya jambo ambalo sina hakika kama ni zuri. Machi 17 Baba aliacha kusoma akauliza nani amekunja antena ya redio. Na ukurasa wa kwanza kabisa una neno "hasa". Nimekata mwisho wa "hasa" na mwanzo wa "antena", nimeunganisha, nimelainisha. Imetoka "asante". Ni sauti yake. Mkazo umekaa vibaya, kama mgeni anayejifunza lugha, na pale katikati pana mshono ambao mimi nausikia.

Nimempa Baba asikilize kwa sikio moja. Ameisikiliza mara nyingi. Ameandika, *Weka.*

Aprili 20, Jumapili

Alasiri, jua limetoka. Mama alikuwa amemletea Baba uji, akauweka mezani kwa kupapasa, akaketi. Baba alichukua redio ya kijani mkononi. Nilimwona anasitasita kama mtu anayeogopa kubonyeza kengele ya nyumba ya watu. Mwenzangu alikuwa mlangoni. Baba akabonyeza.

"Asante," redio ikasema.

Mama akageuza kichwa.

"Hilo limetoka wapi?"

Nilitamani niwe nje.

"Limeshonwa," Mama akasema. "Kitambaa ni chake, lakini limeshonwa." Akamgeukia Baba, sawa kabisa na pale alipokuwa, bila kukosea hata kidogo. "Miaka arobaini na moja hujaniambia neno hilo. Siku ungelisema kwa mdomo wako ningeita majirani, ningejua mwizi ameingia."

Baba akaiinamia redio akitafuta mahali pa kuizima. Masikio yake yalikuwa yamekuwa mekundu, mtu mzima yule. Mama akanyoosha mkono, akaupata mkono wake juu ya vitufe, akauzuia.

"Nani amekuambia uzime?" akasema. "Lirudie."

Baba akabonyeza. Mwenzangu akanivuta, tukatoka uani. Nilihesabu kupitia dirishani mpaka mara kumi na moja, kisha nikaacha kuhesabu.